Kiu Iliyotoka Mwambani

Mfupa ulikataa kuuachia ulimi wa Drieka Windvogel.

Kwamba mfupa wa kale huushika ulimi, hilo halikuwa jambo geni. Ndiyo ilikuwa njia yao ya kazi. Katika karakana ya makumbusho ya Kalkput, mahali walipochonga mawe ili kuitoa mifupa iliyolala ndani yake, fundi aliyetilia shaka kama alichokifikia ni mfupa au ni mwamba tu alipaswa kukilowesha kwa brashi, na rangi ya mfupa ikajitokeza. Lakini huo ulikuwa mwaka wa nne wa ukame. Bomba la mji lilikwisha kukauka, mkuu wa karakana alikuwa amekataza hata tone moja lisimwagwe juu ya mawe, na mafundi wakairudia desturi ya wachimbaji wa zamani: waliweka ulimi. Mwamba huteleza. Mfupa una vitundu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, nao hunata kidogo, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole, kisha huachia.

Huu haukuachia. Drieka alikuwa ameinama juu ya meza, mama wa miaka hamsini na miwili, mwimbaji wa safu ya kwanza kanisani, ulimi wake umegandamana na fuvu lisilozidi ngumi ya mtu, naye akahisi kitu ambacho katika miaka kumi na tisa ya kazi hiyo hakuwahi kukihisi. Mfupa ulikuwa unavuta.

Katoo, fundi mwenzake, aliinua miwani yake ya vumbi akacheka. "Dada Drieka, mwachie huyo mwanaume. Apollos mumeo akisikia atakuja na shoka."

Drieka hakuweza kumjibu. Aliweka viganja viwili juu ya jiwe, akajisukuma nyuma, na ulimi ukachomoka kwa sauti ndogo kama ya kizibo. Tone moja la damu lilibaki juu ya fuvu. Aligeuka kuchukua kitambaa alifute; alipogeuka tena halikuwapo, na jiwe lilikuwa kavu kana kwamba halijaguswa na kitu chochote kilicho hai.

Walikuwa wanyama wawili katika jiwe moja. Wataalamu walisema waliishi kabla hata ya mijusi wakubwa, na kwamba walikuwa ndugu wa mbali wa kila kiumbe kinyonyeshacho: wakubwa kama mbwa mdogo, wenye mdomo mgumu kama wa kobe na meno mawili yaliyochomoza kwenye taya la juu. Walichimba mashimo yaliyozunguka kwenda chini. Ukame ulipowazidi waliingia humo, wakajikunja kidevu kwa magoti, mmoja amemkumbatia mwenziwe, wakangoja mvua. Mvua ilipokuja, ilikuja na tope, likawaziba. Hesabu ya miaka haikumsumbua Drieka, kwa kuwa aliamini kwamba mbele za Mungu enzi nzima ni kama jioni moja iliyopita. Kilichomsumbua ni msumeno. Siku hiyo hiyo, Jumatatu, jiwe lilikatwa katikati: mnyama mmoja atiwe sandukuni apelekwe kwenye makumbusho makubwa ya Cape, kule pwani, na mwingine, huyu aliyemwonja, abaki.

"Wamelala pamoja muda wote huo," alimwambia Katoo, "na sisi ndio wa kuwatenganisha."

"Wamekufa, dada. Mfu haombi talaka."

*

Siku tatu baadaye ndoo ya jikoni ilipungua.

Nyumba ya akina Windvogel ilikuwa ng'ambo ya reli, vyumba viwili na jiko, na kwa nyuma kibanda cha bati alimolala Floors, mdogo wake Apollos. Lori la maji lilipita Jumanne na Ijumaa, na kila mtu wa nyumba alipata dumu moja. Madumu hayo yalijulikana kama watu wanavyojulikana: la Apollos lilikuwa na kifuniko chekundu, la Drieka lilifungwa utepe, la Floors lilikuwa na waya wa buluu kwenye mpini. Maji ya kupikia na ya chai yalimiminwa katika ndoo moja ya pamoja, chini ya dirisha la jiko, nayo ilifunikwa kwa sahani.

Alhamisi Drieka aliijaza ndoo kabla ya saa sita mchana. Saa hiyo, katika majira hayo, Kalkput nzima hufunga madirisha na kulala. Makumbusho hufungwa, kondoo hujibana kwenye kivuli cha ukuta, na hata mbwa hawabweki. Alipoamka saa tisa, ndoo ilikuwa nusu. Sahani iliwekwa juu yake vizuri. Ndani, chini kabisa, lilikuwa limetua tope jekundu, laini kama unga, na jiko zima lilinuka udongo uliolowa, harufu ya mvua ya kwanza, katika mji ambao haukuwa umeonja mvua tangu watoto wa darasa la kwanza walipokuwa wanajifunza kusema.

Hakuuliza ni nani. Alijua tayari, au alidhani anajua, na dhana hiyo ilimkalia moyoni kwa urahisi sana, kama mgeni aliyekwisha kutengewa kiti.

Floors alikuwa mkata manyoya ya kondoo, na kwa miaka ishirini alikuwa mlevi. Aliwahi kuiuza cherehani ya Drieka kwa mvinyo wa siku mbili. Ilikuwa sasa miaka miwili hajagusa glasi. Alikaa benchi la mwisho kanisani, akaimba kwa sauti ya chini, akarudi kibandani kwake. Mama yao, alipokuwa akikata roho, alimwachia Apollos neno moja: asimtupe mdogo wake. Naye Apollos, mzee wa kanisa, mtu wa kiasi na wa maneno machache, alimpokea kwa sharti lililojulikana na wote watatu. Kitu cha kwanza kitakachopotea nyumbani, Floors ataondoka. Na wote watatu walijua pia kwamba nje ya nyumba ile Floors hakuwa na pa kwenda ila mahali palipo na chupa.

Ijumaa ndoo ilipungua tena. Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili, walipokaa kula mkate wa kuchomwa makaani na mafuta ya kondoo, Drieka hakula. Tangu ile Jumatatu mkate ulimgeukia vumbi kinywani. Aliketi akimtazama shemeji yake.

"Shemeji, unanikazia macho kama nimekalia kofia yako," Floors alisema.

"Naangalia mikono yako."

"Mikono hii imenyoa kondoo wa wilaya nzima. Ndoo haijawahi kunyoa."

Mkono wa Drieka ulisimama juu ya kikombe. "Nani amesema habari za ndoo?"

Floors aliinamisha uso. Apollos alimtazama mkewe, akamtazama ndugu yake, kisha akasogeza kahawa yake kando bila kuimaliza. Mikono ya shati la Floors ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko.

*

Jumatatu Drieka alitega mtego. Kabla ya mapumziko ya mchana alinyunyiza unga wa ngano sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo, safu nyembamba isiyoonekana upesi katika giza la madirisha yaliyofungwa. Kisha alilala kando ya Apollos, akasali ombi fupi na kali, kwamba kila lililositirika na lifunuliwe. Ombi hilo ni la kweli, lakini ni la hatari kwa mtu asiyejumlisha nafsi yake ndani yake.

Aliamka kinywa kikiwa kikavu kama soksi iliyoanikwa. Sakafu ya jiko ilikuwa imefagiwa. Haikubaki hata chembe ya unga, ndoo ilikuwa na maji robo, na Floors alikuwa amesimama kando yake, kata ya bati mkononi, dumu lenye waya wa buluu miguuni pake.

"Mwizi anayefagia," Drieka alisema kwa sauti ya chini. "Hilo nalo ni jipya."

"Shemeji, si hivyo."

"Basi niambie ni vipi. Apollos, njoo. Njoo umwone ndugu yako."

Apollos alikuja, suruali yake ya kulalia imekunjamana, akasimama mlangoni. "Floors. Kata hiyo ya nini?"

"Nilikuwa naongeza, kaka. Si kupunguza."

"Unaongeza," Drieka alisema. "Unatoa maji ya dumu lako, katika ukame huu, na kuyatia katika ndoo yetu kwa upendo. Na tope nililoliona leo asubuhi kwenye kizingiti cha kibanda chako? Na mikono iliyolowa jana? Nani alinyunyiza unga hapa na nani kaufagia?"

Floors alimtazama. Machoni mwake hamkuwa na hasira, na kukosekana huko kwa hasira ndiko kulikomchukiza Drieka zaidi ya yote, kwa sababu alikuona kuwa ujanja. Alifungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno zito, akamtazama kaka yake, akakifunga.

"Ulitoa ahadi," Apollos alimwambia. "Na mimi nilitoa ahadi."

"Najua, kaka. Usijisumbue." Floors aliiweka kata juu ya sahani. Akatoa kutoka mfukoni chupa ndogo ya maji, iliyojaa, akaiweka mezani mbele ya Drieka. "Hii ni yangu, sijaigusa. Na jambo moja, shemeji. Adhuhuri ufunge mlango wa jiko kwa kufuli. Ufunguo akae nao kaka. Asikupe hata ukimwomba."

"Mwizi ananifundisha kufunga mlango."

"Ndiyo," Floors alisema. Akatoka kwenye jua bila kofia.

*

Siku ya pili yake, Jumanne, Apollos hakulala mchana; alikwenda kupanga foleni ya lori la maji. Drieka alilala peke yake. Hakuufunga mlango wa jiko. Kwa nini aufunge, ikiwa mwizi amekwisha kuondoka?

Kwanza ilikuwa harufu, ile ya udongo uliolowa, ikipanda kutoka chini ya godoro. Kisha sauti, mkwaruzo wa kucha juu ya saruji, taratibu, wa mnyama achimbaye naye ana wakati wote wa dunia. Kisha sauti nyingine, tlap, tlap, tlap, ya ulimi katika maji, nayo ilikuwa karibu mno, karibu kuliko mlango, karibu kuliko kitanda, na Drieka alitaka kuinuka apige kelele kwamba mwizi amerudi, ila miguu yake haikuwa kitandani, na magoti yake yalikuwa juu ya kitu kigumu na cha baridi, na maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni yakishuka shingoni mwake, naye alifumbua macho akaona, inchi moja mbele yake, ukuta wa ndani wa ndoo.

Alikuwa kwa miguu minne. Kucha zake zilijaa udongo mwekundu hadi kwenye nyama. Kichwa chake kilikuwa ndani ya ndoo, na ulimi wake, huo huo alioimbia zaburi na huo huo aliomhukumia ndugu, ulikuwa unaendelea, tlap, tlap, bila yeye kuuamuru, ukilamba tope la mwisho chini.

Aliukamata kwa vidole vyake ili usimame.

Hivyo ndivyo Bibi Siena, mkunga wa mtaa na kiongozi wa sala ya wanawake, alivyomkuta alipokuja kuazima chumvi. Kikongwe huyo alivuka kizingiti, akaona, akaufunga mlango nyuma yake. Hakupiga yowe. Alitoa mkobani majani makavu ya pakanga, akayawasha kwenye sahani, moshi mchungu ukajaa jikoni.

"Toa ulimi," alisema.

Drieka aliutoa. Ulikuwa umepasuka nyufa nyufa kama chini ya bwawa lililokauka.

"Umeonja nini, mwanangu?"

Drieka alimweleza yote: jiwe, fuvu, tone la damu. Machozi hayakutoka, hakuwa na maji ya kuyatengeneza.

"Kitu kimekufa kwa kiu," Bibi Siena alisema, "wewe ukakipa mate na damu, halafu unashangaa kimekufuata nyumbani. Bibi zangu waliyajua majini ya mabwawa. Hili si la bwawa. Hili ni la pale bwawa lilipokwisha." Alisogeza sahani ya moshi. "Walikuwa wangapi jiweni?"

"Wawili."

"Bado wako pamoja?"

"Tumewakata kwa msumeno. Mmoja yumo sandukuni."

"Basi fanya upesi, kabla hakijaanza kutafuta mwenzake. Sikiliza. Kiu hii haifukuzwi kwa kunywa. Ukiipa ndoo itataka mto. Inafukuzwa kwa kubeba maji na kutoyanywa. Yapeleke mpaka kule jiwe lilikotoka, umnyweshe mwingine, mbele ya macho yako, hadi tone la mwisho. Wala usiiguse chupa kwa mdomo wako. Hata mara moja. Umenielewa?"

"Nimnyweshe nani? Kule mlimani hakuna mtu."

"Yupo. Katoo alimwona shemeji yako jana akipanda kwenye shimo mlikolichimba lile jiwe, kutafuta kivuli. Hakubeba kitu mkononi." Bibi Siena alimtazama kwa ukali, kisha ukali huo ukalegea. "Alikuwa anakuona kila siku, Drieka. Alikuja kwangu Ijumaa kuniuliza la kufanya. Nikamwambia akuseme kwa mumeo. Akanijibu, watamfungia, bibi, watasema ana wazimu; mimi nimekwisha kuzoea kushukiwa."

*

Mezani palikuwa na chupa moja tu iliyojaa, ile aliyoiacha Floors.

Kutoka Kalkput hadi kwenye shimo ni mwendo wa saa moja na nusu, mlima mweusi wa mawe yaliyovunjika, bila mti. Drieka aliifunga chupa kwenye kitambaa, akaibana kifuani kama Hajiri alivyombana mwanawe, akaanza kupanda saa nane, jua likiwa juu yake.

Nusu ya njia ulimi ulianza kusogea. Ulijigeuza kinywani kama kitu kilichofungiwa, ukasukuma meno, ukatafuta njia ya kutoka. Na pamoja nao yalikuja mawazo yasiyokuwa yake, ya polepole na ya kale, yasiyo na maneno, ila yeye aliyapa maneno kwa sababu alikuwa mtu: kwamba Floors amekwisha kufa na maji yatapotea bure, kwamba alistahili, kwamba cherehani haikurudi, kwamba tone moja tu, kiasi cha kulowesha ncha ya kidole, kama yule tajiri alivyoomba katika moto, si dhambi kuombwa na aliye motoni. Na kila wazo lilipopita alihisi makucha yakichimba chini ya mbavu zake, yakizunguka kwenda chini, yakimtengenezea shimo la kulala, na harufu ya tope ikamjaa puani, na kitambaa kilikuwa kimekwisha kufunguka, na kizibo kilikuwa tayari mkononi mwake, naye hakukumbuka kukitoa.

Aliiweka chupa mdomoni.

Ulimi uliingia katika shingo ya chupa ukashika. Ukavuta, kama mfupa ulivyovuta. Na katika saa ile Drieka alimkumbuka yule mfalme ambaye mashujaa wake walivuka jeshi la adui ili wamletee maji ya kisima cha kwao, naye akakataa kuyanywa, akasema ni damu ya watu hawa, akayamimina mbele za Bwana. Alimwona Floors akifuta alama za magoti ya Drieka kwenye unga, kisha mbele ya ndoo, kata mkononi, akiongeza. Aliingiza kidole gumba kati ya ulimi na chupa, akaung'oa, na kipande cha ngozi kikabaki kwenye kioo. Hakuna tone lililomezwa. Hilo aliweza kuapa. Lakini mdomo ulikuwa umegusa.

Akaifunga chupa, akaipangusa kwa kitambaa mara tatu, akapanda.

Floors alikuwa chini kabisa ya shimo. Alikuwa amejikunja ubavu, kidevu kwa magoti, na mkono mmoja umepinda mbele yake ukikumbatia nafasi tupu, kana kwamba amemwachia mtu mwingine mahali pa kulala. Ndivyo walivyolala wale wawili, kwa namna ile ile na mahali pale pale.

"Floors."

Midomo yake ilipasuka alipoifungua. "Shemeji. Umefunga mlango?"

"Nimefunga. Nyamaza, unywe."

Alikiinua kichwa chake juu ya paja lake, akamnywesha kidogo kidogo, akayatazama maji yakipungua bila kuyaondolea macho, hadi tone la mwisho. Na lilipoanguka hilo tone, mate yalibubujika chini ya ulimi wake, matamu, mengi, ya kwanza katika siku nane. Na machozi yakafuata. Kitu kilimtoka. Alikisikia kikitoka, kama mzigo unaoteremshwa mgongoni na mtu usiyemwona.

"Nisamehe," alimwambia.

"Ulikuwa unakunywa kama mbuzi," Floors alinong'ona, na akajaribu kucheka. "Niliogopa kukuamsha."

Bibi Siena alipomuuliza usiku ule kama mdomo wake uligusa chupa, Drieka alijibu kwamba haukugusa.

*

Drieka alimweleza Apollos habari za ndoo, naye akamwomba ndugu yake msamaha mezani. Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya ushirika, na Floors hakukaa benchi la mwisho. Drieka alimshika mkono akamketisha kando yake, safu ya mbele. Watu waligeuza shingo.

Kikombe kilikuwa kimoja, cha fedha, naye Apollos ndiye aliyekipitisha. Kilipomfikia Drieka kilikuwa kimejaa kiasi cha kumtosheleza kila aliyesalia kanisani. Alionja kidogo, akampa Floors.

Floors alikishika kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa. Muda ulipita, halafu ukapita zaidi ya ule unaofaa, na katika ukimya wa kanisa Drieka alisikia sauti ndogo, ambayo hakuna mwingine aliyeijua: tlap, tlap. Harufu ya udongo uliolowa ikapanda kutoka kwenye mbao za sakafu.

Apollos alikichukua kikombe. Akatazama ndani. Akakiinamisha kuelekea mwanga wa dirisha, na uso wake ukabadilika. Nyuma yao mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, wala hakujisumbua kunong'ona, "Mlevi ni mlevi tu. Hata damu ya Bwana kaikausha."

Floors alikuwa akiviangalia viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Midomoni mwake palikuwa na mstari mwembamba wa tope jekundu. Drieka aliona machoni mwake mtu aliyeuona tayari mlango, na barabara, na chupa iliyomngoja mwisho wa barabara.

Drieka alisimama.

"Ni mimi niliyekimaliza," alisema. "Kikombe kilikuwa kitupu nilipompa."

Apollos alimtazama. Yeye mwenyewe alikuwa amekiona kikombe kikitoka mkononi mwa mkewe kimejaa. Alimtazama ndugu yake, akautazama ule mstari mwekundu, na polepole alitoa leso yake akampa Floors ajipanguse. Kisha akaenda kukijaza kikombe upya. Kama maneno ya Drieka yalikuwa uongo, basi yalisemwa mahali pabaya kuliko pote, naye atayajibu kwa Mwenye kuhukumu. Lakini kule mlimani alikuwa amejifunza ni kwa bei gani mtu hunyamaza kwa ajili ya mwingine, na hakutaka kuwa mdeni.

Adhuhuri ile mji ulipofunga madirisha, Drieka alimfungia Floors jikoni, kwa kufuli, kama Floors mwenyewe alivyoomba. Ufunguo alimpa Apollos. Kabla ya kufunga aliweka ndani ndoo iliyojaa maji ya dumu lenye utepe, sehemu yake yote mpaka Jumanne. Akaketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango, akaanza kusali.

"Kunywa, ndugu yangu," alisema katika ufa wa mbao. "Nipo hapa."

Kucha zilikwaruza saruji. Halafu ulimi ukaanza majini, taratibu, tlap, tlap. Drieka alisikiliza, akihesabu, akisali katikati ya hesabu. Ilimchukua muda kutambua kwamba ndimi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyuma ya mlango. Ya pili ilijibu baada yake, kwa upole, kama mnyama amwitaye mwenziwe kutoka upande wa pili wa ukuta, nayo ilikuwa karibu zaidi.

Aliinua mkono akaigusa midomo yake. Ilikuwa inakwenda, wala haikuwa sala.